Leo Umeoga, Mtani

Ukitaka kunirudisha utotoni, ninusishe tope la nyumba ya udongo iliyoloa. Nilikuwa Tunduru niliposikia maji yameingia tena Magomeni ya Mtwara, nikapanda basi. Nilipofika mtaani kwetu harufu ile ikanipokea, nikamkumbuka bibi.

Masika moja nikiwa mdogo, mvua iliangusha ukuta wa jiko letu, ikazoa vyungu na makopa yote ya muhogo tuliyokausha. Bibi alikaa kitandani, miguu ndani ya maji. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani, mtani wake. Hakutoa pole. Alisimama mlangoni akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Leo umeoga, mtani. Tumengoja miaka." Kisha akachinja jogoo wetu bila kuomba, maana hiyo ni haki ya mtani penye msiba. Mkewe akasonga ugali wa muhogo, naye akashika jembe, akawa anatoa matope huku akimsimanga bibi kwa uvivu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye alituambia, "Anayekutania hajakuzika."

Safari hii maji yalimkuta mtani mwenyewe, mzee sasa, ameshafiwa na mkewe. Bibi hayupo, kwa hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikapika kwa shangazi mihogo ya nazi na dagaa, nikabeba sufuria mpaka shuleni walikohifadhiwa watu wa mafuriko. Getini kijana mwenye kizibao cha shirika la misaada akanizuia. Chakula cha nje hakiruhusiwi, akasema, ndiyo utaratibu. Nikauliza wamekula nini. Uji, jana. Leo watapewa, wageni wa shirika wakishapiga picha.

Kupitia uzio nikamwona babu yule mtani mstarini, amekumbatia godoro jipya lililo bado kwenye nailoni, mpiga picha akimwelekeza ainamishe kichwa. Mtu aliyesimamisha upya jiko la bibi kwa mikono yake, anafundishwa kuonekana wa kuhurumiwa! Nikapaza sauti, "Babu, leo umeoga."

Akageuka. "Mjukuu wa mchafu, umechelewa. Jogoo wangu maji yameshamchinja."

Mstari mzima ukaangua kicheko, hata akina mama waliokuwa wamejiinamia. Kijana akanijia mbio. "Kaka, usiwatukane waathirika." Nikamwambia huyu ni mtani wangu. Akanikodolea macho kana kwamba nimetaja kitu cha ng'ambo, na matamshi yake ni ya hapahapa Mtwara.

Godoro silikatai. Mzee na alale pakavu. Lakini nani aliwaambia kwamba mtu hasaidiwi mpaka kwanza anyweshwe aibu? Zamani, ukisikia watu wanacheka penye mafuriko, ulijua msaada umefika.

Mihogo ilipoa mikononi mwangu pale getini. Ndani, mpiga picha alimwomba babu aache kucheka, picha imeharibika. Akaacha. Wakapiga upya.