Meno ya Kuchekea

Walimwita Mnuno, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutahini madereva wapya: anaketi pembeni na karatasi mapajani, anatazama mbele, hasemi neno lisilo la lazima. Wanafunzi walisema afadhali kugonga ukuta kuliko kugeuka ukakutana na ule uso. Kuna aliyetaka kuwasha indiketa akawasha waipa, kisha kwa woga akaziomba radhi waipa zenyewe. Mnuno aliandika kitu kwenye karatasi, basi.

Ukweli ni kwamba mtu huyu alipenda kucheka kupita kiasi, na kila siku ya kazi ilikuwa mateso. Tatizo lilikuwa meno. Yote yalikuwa ya bandia, ya kuvaa na kuvua, na kadiri ufizi ulivyosinyaa ndivyo yalivyozidi kulegea. Siku moja alijisahau akacheka ndani ya gari la mtihani, safu ya juu ikamtoka na kutua miguuni mwa binti aliyekuwa anaendesha. Binti alipunguza mwendo, akaegesha vizuri, akamrudishia. Alifaulu, na tangu hapo Mnuno hakucheka tena mbele ya mtu.

Kazini ukauzu huo ulimjengea heshima. Nyumbani ulimharibia. Mke wake alikuwa msimulizi wa kuzaliwa, na jioni mezani alikuwa na visa vya shangazi yake visivyokwisha. Kisa kikifika patamu, Mnuno anainuka, anatoka nje, anajibanza nyuma ya tangi la maji na kucheka huku amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Akirudi anakuta vyombo vimeshakusanywa. Mke alijua meno ni ya bandia, ila hakujua kwamba yanaruka, na Mnuno aliona haya kumwambia. Kwa hiyo mama wa watu akaelewa alivyoelewa: kwamba anamchosha mumewe. Visa vikapungua mpaka zikabaki taarifa. Gesi imekwisha. Jirani amehama.

Ukimya huo ulimuuma kuliko ufizi, na ndio uliompeleka kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mama mmoja asiye na haraka. Alimpiga picha ya taya, akaweka mfano wa plastiki mezani.

"Meno yako ya sasa yamekaa tu juu ya ufizi, mzee. Haya mengine yanashikwa na mfupa. Tunapandikiza skrubu ndogo za titani ndani ya taya, mfupa ukishazikamata tunafunga safu nzima ya meno juu yake."

"Skrubu moja kwa kila jino?"

"Hapana. Chache tu zinabeba safu nzima."

"Na mfupa unachukua muda gani?"

"Miezi kadhaa. Kwa sasa utavaa meno ya muda, ule vitu laini. Na si kila mtu anafaa. Mfupa ukiwa mwembamba huenda tukauongeza kwanza, na sigara au sukari isiyodhibitiwa inaweza kuharibu kazi yote. Halafu usafi: yanapigwa mswaki kama meno ya kuzaliwa, na kuja kuangaliwa ni lazima."

Mnuno alimsikiliza kwa uso uleule wa mtihani. "Nikicheka?"

"Utacheka."

"Nikicheka vibaya sana?"

"Mzee, wewe unaweza kuanguka. Meno yatabaki."

Mfupa ulitosha, sukari hana, sigara hajui. Alipandikizwa, akavimba uso, na kazini hakuna aliyeona tofauti. Nyumbani mke alimpikia uji na supu bila kuuliza maswali mengi, na Mnuno akavumilia mpaka siku meno ya kudumu yalipofungwa. Jioni hiyo alikaa mezani, akangoja kisa.

"Maji yalikatika mchana," mke akasema.

Akangoja tena.

"Yamerudi."

Ikabidi aombe. "Hebu nisimulie ile ya shangazi yako na mlinzi wa benki."

Mke akaweka kijiko chini. "Ili utoke nje?"

"Nilikuwa natoka kwenda kucheka, mke wangu. Nyuma ya tangi. Meno yalikuwa yananitoka."

Mke akasogeza sahani pembeni. Kisha akaanza, polepole, kama mtu aliyepoteza mazoea. Shangazi alikatazwa kuingia benki na mwavuli. Akamkabidhi mlinzi, akafanya shughuli zake, akatoka. Akasema mwavuli umewekwa benki, kwa hiyo anautaka pamoja na riba.

Mabega ya Mnuno yalikwisha kuanza kutikisika. "Ikawaje?"

"Sijui. Mwisho wake nimeusahau. Hukuwahi kukaa ukausikia, na mwingine wa kumsimulia sina."

Mabega yakatulia. Aibu ya siku ile ya gari ilikuwa ndogo mbele ya hii.

"Basi tunga mwisho mwingine," akasema kwa sauti ya chini.

Mke akafikiri. "Mlinzi akasema anakwenda kuleta riba. Akatoka nje. Mpaka leo shangazi anamngoja mezani."

Mnuno alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa mazoea mkono ukapanda kuziba mdomo. Mke akaukamata, akaushusha mezani na kuushikilia hapo.

"Kaa hapohapo," akasema. "Kuna nyingine."