Mkate Kwenye Duka la Misumari

“Shangazi, hofu ikishamtoka mtu, inakwenda wapi?”

Kobe alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, mdomo umejaa biskuti. Shangazi yake, mwanasaikolojia wa kituo cha afya, alitazama saa akasema ana mgonjwa nje. Basi mtoto akaamua mwenyewe kwamba hofu za watu hufungiwa kwenye kabati la mafaili nyuma ya mlango, na mwaka mzima hakuthubutu kuligusa.

Kobe ndiye anayeandika haya, kwa hiyo mcheke bila wasiwasi, mwenyewe keshaanza. Jina hilo alipewa darasani, maana akiitwa mbele, kichwa kilizama mabegani kikabaki kitambaa cha nywele tu.

Chumba cha shangazi zamani kilikuwa stoo: viti viwili, saa ya ukutani, feni inayolalamika. Waliokuja humo ni watu wazima na heshima zao. Fundi umeme asiyeweza kupanda lifti. Karani aliyerudi nyumbani mara sita kuhakikisha pasi imezimwa. Shangazi hakumwambia mtu “usiogope”. Alisema ni sawa na kuikaripia mvua. Alichora ngazi kwenye karatasi, hofu ndogo chini, kubwa juu, kisha akapanda na mgonjwa kipandio kwa kipandio. Na yule fundi walipanda lifti asubuhi nzima, juu, chini, juu, hadi mlinzi akauliza, “Jamani, mmepotea au mmehamia?”

Bibi, mama yake shangazi, kazi hiyo haikumwingia akilini. “Yaani unaamka kwenda kuongea? Mimi nimeongea miaka sabini, nani kaniita daktari?”

Mwaka wa tatu wa sekondari, maji yakamfika Kobe shingoni. Kulikuwa na mtihani wa kuzungumza mbele ya darasa, dakika tano. Mara mbili aliitwa, mara mbili alikimbilia chooni. Mwalimu akasema ya tatu ndiyo ya mwisho. Akikimbia tena, anarudia mwaka. Kobe akaenda kwa shangazi kutafuta kidonge. Akapewa ngazi.

Kipandio cha tano kilisema: ingia duka la vifaa vya ujenzi, omba mkate, usitoke mpaka hofu ishuke yenyewe.

“Shangazi, watanicheka!”

“Ndiyo dawa yenyewe. Natangulia.”

Akaingia, mkoba kwapani, akauliza kwa sauti ya msoma taarifa ya habari, “Samahani, mna mkate?”

“Mama, hapa tunauza misumari.”

“Asante.” Akasimama kutazama makopo ya rangi, muda mrefu kweli. Alipotoka uso ulikuwa mtulivu, lakini mgongo wa gauni umelowa jasho. Kobe aliona.

Zamu yake ikafika. Akaingia, akanong’ona, “Nimetumwa mkate na mama.”

“Mwambie mama akapimwe macho,” muuzaji akasema.

Kobe akatoka mbio, kifua mbele kama aliyeshinda kombe.

“Nani kakutuma?” shangazi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akauliza.

“Mama.”

“Wifi yangu yuko kazini, hana habari na mkate. Umejificha nyuma yake, halafu umekimbia. Hofu umetoka nayo nzima nzima. Rudi.”

Kobe akarudi, miguu kama ya kuazima.

“Ehee, mama kabadili mawazo?”

“Hapana. Ni mimi. Mimi ndiye ninayetaka mkate.”

Wateja wakageuka. Muuzaji akatazama rafu zake, pole pole, kama anayetafuta kweli. “Mkate hakuna, dada. Tofali lipo. Ukilichovya kwenye chai kwa subira, litalainika.”

Watu wakaangua kicheko. Kobe akasubiri kufa. Kifo kikachelewa. Alipochoka kukisubiri alijikuta anasoma kopo la rangi, na anajua hadi leo kwamba ile ya bluu hukauka kwa saa nne.

Siku ya mtihani alisahau sentensi katikati. Miguu ikageukia chooni, akaikatalia. Mtu akasema, “Kobe karudi ndani!” Darasa likacheka, naye akacheka, akawaza rangi ya bluu inakauka, na sentensi ikarudi yenyewe. Alipata alama za wastani. Mada yake ilikuwa “Umuhimu wa Kujiamini”. Aliichagua mwenyewe.

Jioni hiyo akaenda kwenye ile stoo.

“Shangazi, siku ile dukani ulilowa mgongo mzima. Kumbe nawe unaogopa?”

“Tangu utotoni. Wageni wakija nilikuwa najificha chini ya kitanda. Unadhani kazi hii niliisomea kwa nini?”

“Basi nijibu lile swali la zamani. Hofu ikishamtoka mtu inakwenda wapi? Kabatini nimeshachungulia.”

Safari hii shangazi hakutazama saa.

“Haiendi popote, mwanangu. Inakaa pale pale ulipo. Ila ukikubali kukaa nayo, yenyewe ndiyo inaanza kupiga miayo.”