Fundi Makochi na Vidonda Asivyokuwa Navyo

Zamani fundi makochi alijulikana kwa kinywa chake. Alijitia misumari midogo mdomoni kama mtu anayetafuna karanga, ulimi ukaugeuza mmoja mmoja hadi kichwa kikachungulia kwenye midomo, nyundo yenye sumaku ikauchukua, pigo moja, umezama. Mkono wa pili haukuwa na kazi ila kuvuta kitambaa. Kochi la namna hiyo lilimzika mwenye nyumba, likabaki likikaliwa na wajukuu. Siku hizi kitambaa kinabanwa kwa bunduki ya pini, kama karatasi za ofisini, na kochi linabonyea kabla mwenyewe hajalizoea.

Fundi wa kisa hiki alikuwa wa mwisho mtaani kufanya kazi kwa kinywa, na alihakikisha hakuna asiyejua. Walimwita Kinywa cha Chuma, naye aliitikia kama mtu aitikiaye cheo. Mdogo wake, aliyegawana naye karakana moja, alitumia bunduki ya pini, na matusi aliyapata kila siku pamoja na chai.

"Wewe si fundi," kaka mtu alimwambia. "Wewe ni karani."

"Karani anamaliza makochi matatu, kaka, na wewe bado unalamba chuma."

"Nimelamba tangu hujaota meno. Umewahi kusikia nimemeza? Fundi anayemeza msumari akauze nyanya."

Siku moja bunduki ya mdogo mtu ilikwama. Kaka mtu akacheka na mdomo wake umejaa. Kitu kidogo cha baridi kikateremka kooni. Alitema iliyobaki kiganjani, akaugeukia ukuta, akaendelea kupiga nyundo. Nyumbani alikula ndizi na viazi mpaka akashindwa kuinama, akiamini kwamba kilichoingia kwa juu kitatokea chini. Mkewe akafurahi kuona mume ana hamu ya chakula.

Msumari haukutoka. Siku chache baadaye, akifunga kamba za viatu asubuhi, maumivu yalimchoma ghafla, akapiga magoti. Alilala amejikunja, hataki hata kitanda kitikiswe. Tumbo likawa gumu kama ubao. Mkewe alidhani ni gesi, akamchemshia tangawizi, mume akaitapika. Tena akawa analalamikia bega la kulia.

"Tumbo ndilo linalouma, bega linahusu nini?"

"Niache, mwanamke."

Alimwacha, kwa kuwa ndivyo alivyozoezwa. Alipoona macho yamezama na jasho limekuwa la baridi, aliita gari bila kuomba ruhusa.

Daktari, mwanamke mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimgonga kwa vidole. Upande wa ini, mahali panapopaswa kulia kama gunia lililojaa, palilia kama debe tupu. Akaagiza mgonjwa aketishwe wima, ashikiliwe hivyo kwa muda, ndipo apigwe picha ya kifua.

"Hewa hupanda," alisema. "Ukimpiga picha amelala, inaweza kukupita usiione."

Picha ilipoletwa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya ini, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, palikuwa na ukanda mwembamba mweusi, umepinda kama mwezi mwandamo.

"Hii ni hewa, na hapa si kwake; ndiyo inayokuuma hadi begani. Hewa hukaa ndani ya utumbo. Ikionekana nje, kuna tundu, na inapotoka hewa unatoka na uchafu. Tunapasua sasa hivi. Ninachotaka kujua ni tundu liko wapi. Una vidonda vya tumbo? Unameza sana dawa za maumivu? Umemeza kitu kigumu, mfupa, chuma?"

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, amefika mbio, nyuzi bado zimemng'ang'ania nguoni. Mgonjwa alimtazama yeye, hakumtazama daktari.

"Vidonda," alisema. "Vya siku nyingi."

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Nyamaza."

Wakamtundikia maji na dawa za kuua vijidudu, wakampitisha mpira puani kunyonya yaliyomo tumboni, wakamsukuma kwenda kupasuliwa. Daktari alianzia juu ya kitovu, akitafuta kidonda. Tumbo la chakula lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Akashusha kisu. Chini kabisa, karibu na utumbo mwembamba unapoungana na mpana, aliukuta msumari umetoboa, ncha nje, kichwa ndani, na usaha umetuama. Kipande kile cha utumbo kilikwisha oza. Alikikata, akaosha tumbo tena na tena, akaitoa ncha ya utumbo nje ya ngozi ubavuni, akaivalisha mfuko wa kupokea choo.

Mgonjwa alipozinduka alitafuta kwanza kama mdogo wake yupo. Hakuwepo. Walikuwepo daktari na mkewe tu.

"Ungesema msumari, ningejua pa kuanzia," daktari alimwambia. "Sasa una mshono wa watu wawili. Mfuko huenda tukautoa baada ya miezi. Huenda tusiutoe."

Daktari alipotoka, mume alimkamata mkewe kifundo cha mkono.

"Ni vidonda. Apa."

"Watu watauliza vimetoka wapi."

"Apa."

Akaapa.

Nyumbani wageni walijaa. Dada yake mkubwa alichukua kiti cha karibu na kitanda, akampima wifi yake kwa macho kuanzia kisogoni hadi visiginoni.

"Vidonda haviji bure," alisema. "Mwanamume anachomwa na pilipili mezani, anachomwa na maneno kitandani. Ndugu yangu aliingia nyumba hii na tumbo zima."

"Wifi, mimi..." Alimtazama mumewe, akangoja.

Mdogo mtu naye alisogea. "Kaka, kweli ni chakula?"

Neno moja lingetosha. Fundi aliitazama mikono ya mdogo wake, mikono ya pini, imetulia magotini.

"Nilimwambia apunguze," alisema. "Hasikii."

Dada mtu akafyonza kwa raha.

Mke aliinuka. Alikwenda nyuma, akarudi na beseni na kitambaa, akaviweka mapajani mwa wifi yake.

"Mfuko umejaa, wifi. Unafunguliwa kwa chini, penye kibanio. Ukichelewa unavuja, na ngozi inababuka."

Akavaa viatu, akatoka, mlango akauacha wazi.

Dada mtu alilitazama beseni, kisha akamtazama mdogo wao. Mdogo wao alisimama, akasema kuna mteja anamngoja karakana.