Sauti ya Kabuloni

Nilipokuwa na miaka tisa, kila Jumamosi sauti yangu ilitoka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Usicheke. Nusu ya Lubumbashi ilikuwa ikinisikia, na wengi hawakujua kwamba anayesema ni kasichana ka mtaa wa Makomeno, magoti yote vumbi, kamejikunja chini ya meza na karatasi mkononi.

Kopo lile lilikuwa kichwa cha roboti. Roboti huyo aliitwa Kabuloni, yaani boloni ndogo, ile ya kukazia vyuma. Alikuwa mwanasesere wa kuchezeshwa kwa mikono katika mchezo wa kuchekesha wa tele, yaani televisheni. Wachimbaji wanne wa shaba wanaingia ndani ya lifti ya mgodi, mwendeshaji amelewa, anavuta mkono usiofaa, na badala ya kushuka chini, lifti inapaa mpaka kwenye nyota. Huko wanazunguka bila kujua njia ya kurudi, na Kabuloni ndiye mtumishi wao. Mashine isiyopaswa kuchoka, kumbe mvivu kuwapita wote! Kila wakimtuma, anawainamishia mabosi wake kichwa na kusema: "Bapatron, minachoka. Muniletee mafuta!" Basi, hapo watu walijipiga mapaja kwa kicheko.

Aliyemtengeneza ni Papa, baba yangu. Alikuwa fundi wa redio na tele, mtoto wa mtu wa reli, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Macho ya Kabuloni yalikuwa taa mbili za baiskeli, mikono yake mabomba ya kupitishia nyaya, na Papa mwenyewe ndiye aliyemchezesha kutoka chini. Sauti ilikuwa ya bwana mmoja mtu mzima, lakini yule bwana aliacha mchezo, akaenda Kasomeno kufanya biashara. Mkubwa wa mchezo akasema tujaribu sauti ya mtoto.

"Niko na bana babili," Papa akamjibu kwa furaha.

Wawili, ndiyo. Mapasa. Kwetu watoto pacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Kyungu alikuwa kaka yangu. Kabange ni mimi.

Tuliishi na Nkambo, mama yake Papa, aliyekuwa amekuja kutoka Pweto na vikapu vyake vya samaki wakavu na sheria zake zote za mapasa. Ukimpa mmoja yai, mpe na mwenzake. Nguo zikatwe kutoka kitambaa kimoja. Mmoja akichapwa, mwenzake naye aguswe kidogo kwa fimbo. Kyungu alikuwa na maumivu ya mifupa tangu udogoni, na kila alipomezeshwa dawa chungu, mimi niliyekuwa mzima kabisa nililambishwa kijiko kilekile. Nililia, lakini nililamba.

"Mapasa hawezi kukuambia iko na kasirani," Nkambo alimwonya Papa habari ya Kabuloni ilipoingia nyumbani. "Anarudia tu kule alitoka. Ukimupa mumoja, umupe na mwenzake."

"Mama, ile ni bintu ya zamani," Papa alisema. Lakini hakupenda kelele, akaamua: wiki moja Kabange, wiki ya pili Kyungu.

Wiki ya kwanza ilikuwa yangu. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Mkubwa wa mchezo alicheka mpaka akavua miwani. Jumamosi jirani zetu walifungua madirisha ili tele isikike mpaka barabarani, na Jumapili, tulipotoka misa, watoto walinifuata wakiimba, "Kabuloni! Kabuloni!" Mimi, niliyekuwa wa pili tangu tumboni kwa mama, nilikuwa kitu. Nililala na jina lile mdomoni.

Wiki ya Kyungu ilipofika, asubuhi nilimkuta nje anapiga mswaki. Nikamwambia: "Papa anasema sauti yako haifai."

Kyungu alitema povu, akaniangalia. "Alisema vile?"

"Njo vile alisema."

Kisha nikaingia ndani kwa Papa, aliyekuwa anamfunga Kabuloni ndani ya gunia. "Papa, Kyungu anakatala. Anasema anasikia haya."

Papa aliendelea kufunga kamba. "Basi tuende weye," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa, kwa urahisi huo. Wiki ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Kyungu hakugombana nami. Angekuwa mtoto mwingine angenirukia. Yeye alikaa kwenye kizingiti cha nyumba, na mara kadhaa nilimsikia nyuma ya choo akisema peke yake, polepole, "Bapatron, minachoka," kisha ananyamaza kama anayesikiliza imetokaje. Nilimsikia, nikapita.

Halafu akaugua. Si yale maumivu tuliyoyazoea. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limevimba upande mmoja, na ukimgusa mguu alipiga kelele ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Mama alitaka hospitali siku ileile. Nkambo akasema kwanza tuulizane.

Ile ni desturi ya kwetu, na wakati ule hakuna mtu nyumbani aliyeona ajabu. Pacha akiugua, watu wa nyumba wanakutanishwa, na kila mmoja anasema wazi alichomnyima. Nkambo aliweka beseni la maji uani, akakoroga ndani yake pemba, ule udongo mweupe. Kyungu alilazwa juu ya mkeka. Ukishasema neno lako, unachota maji mdomoni, unampulizia kifuani, na neno limetoka.

"Nani alikula peke yake?" Nkambo akauliza.

Mama alianza. Alisema sikukuu iliyopita kitambaa kilipunguka, akamkatia Kyungu shati kutoka kitambaa kingine. Akapuliza. Papa akasema, sauti yake ya chini, "Kabange alipata kazi ya tele. Kyungu hakupata. Ilisemwa alikatala." Akapuliza.

Nkambo akanigeukia. "Na weye, Kabange?"

Kyungu alikuwa amefumba macho. Nilijua jibu, nililijua neno kwa neno, na nilijua vilevile kwamba nikilisema, Kabuloni ataondoka kwangu, na wote watajua mimi ni mtoto wa namna gani.

"Miye siko na kintu," nikasema.

Nikachota maji yale. Yalikuwa na ladha ya chaki. Nikampulizia ndugu yangu uongo kifuani mbele ya watu wote.

Nkambo aliamua kwamba dawa ni moja: Kyungu atengenezewe Kabuloni wake. Na Papa, yuleyule wa bintu ya zamani, hakubisha hata kidogo. Alikimbia kutafuta kopo. Siku mbili alichomelea bati na kuunganisha nyaya, hali wala hanawi, mikono inamtetemeka. Nami nilimshikia taa za macho, nikiomba Mungu roboti amalizike upesi ili Kyungu apone na mimi nisiulizwe tena. Siku ya pili mchana Mama alitoka chumbani, akaona koleo, misumari na makopo yametapakaa uani.

"Mutoto iko anakufa," akapiga kelele, "na ninyi muko munatengeneza makopo!"

Akamfunga Kyungu mgongoni, mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu, akatoka naye barabarani kutafuta gari. Papa aliacha kila kitu, akamfuata mbio bila viatu.

Hospitali walisema damu imekwisha mwilini mwake. Papa alitoa yake siku ile, na kesho yake akapita kwa ndugu mmoja mmoja akiomba wengine watoe. Mama alikuwa uani mwa hospitali, pamoja na jamaa wanaouguza wagonjwa, akipika uji. Mimi nikamtia Kabuloni wa kwanza, yule wa tele, ndani ya gunia, nikaenda kwa miguu saa ya kutembelea wagonjwa. Nilikuwa nimeamua kumrudishia Kyungu kilichokuwa chake na kumwambia kila kitu.

Chumba kilikuwa na vitanda nane. Kyungu alikuwa kwenye kile cha dirishani, sindano mkononi, mdomo umekauka. Alipoona kopo linatoka guniani, alitabasamu upande mmoja. Nikapiga magoti chini ya kitanda, nikaingiza mikono ndani ya roboti kama nilivyomwona Papa akifanya, nikamsimamisha pembeni ya shuka.

"Sema weye," nikamwambia.

Alilamba mdomo wake mkavu. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba, ya puani, iliyokwaruza kidogo: "Bapatron... minachoka. Muniletee mafuta!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza kichwa. "Eh! Kabuloni! Kabuloni iko hapa!" Chumba kizima kikaanza kucheka. Mzee mmoja aliyefungwa tumbo kwa bendeji alishika kidonda akisema, "Mutaniua, bana, mutaniua!" Hata nesi aliyekuwa anatengeneza dawa aliweka chupa chini, akacheka. Kyungu akarudia, safari hii akiburuza maneno zaidi, na wakacheka zaidi. Lilikuwa neno lilelile nililokuwa nikilisema kila Jumamosi, na yeye alilisema vizuri kuliko mimi. Alinipita mbali kabisa.

Nilipotoka chini ya kitanda, alinishika kidole.

"Inafaa?"

"Inafaa, Kyungu."

"Sasa juu ya nini Papa alisema haifai?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hakuna aliyekuwa akitusikiliza, Papa hayupo, Nkambo hayupo, na ndugu yangu ananiangalia kwa macho yale ya manjano. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Sijui."

Nikajiambia, kesho. Kesho nitamwambia, akiwa na nguvu.

Kesho yake kabla ya saa sita mchana Kyungu alifariki. Kwetu haisemwi hivyo. Pacha hafi, anarudi alikotoka, na wala haliliwi, kwa sababu machozi yanamwita na mwenzake. Walimziba Mama mdomo. Waliimba nyimbo za mapasa, zile za matusi na vicheko, na mimi nilisimamishwa mbele nimepakwa pemba usoni, nikacheza. Nilicheza nikijua ni nani aliyekula peke yake. Jumamosi ile Kabuloni hakuonekana kwenye tele. Papa hakurudi kwenye mchezo, wala hakumaliza yule roboti wa pili.

Leo ninafanya kazi katika maabara. Kazi yangu ni damu. Ninaweka tone juu ya kioo, ninatazama, na ninaziona zile chembe zilizojipinda za ugonjwa wa selimundu, ambao sisi tunauita SS. Kyungu alizaliwa nao, mimi sikuzaliwa nao, na hakuna uongo wa mtoto unaoweza kuipinda damu ya mwenzake. Ninawaeleza wazazi jambo hilo karibu kila wiki, kwa upole, nao wanaelewa. Ninawaambia pia wasikawie, waje siku ileile, wasikae siku mbili. Kisha wanatoka, mimi ninafunga mlango na kukaa kidogo. Maana nikiwa peke yangu siamini kitu hata kimoja cha yale niliyowaambia. Nkambo aliuliza swali la kweli. Maji na pemba havikuponya mtu, lakini swali lilikuwa la kweli, na sikulijibu.

Mwaka huu nilichoka nalo. Nilikwenda Makomeno mchana, Papa yuko peke yake, ameketi na redio iliyofunguliwa kifuniko mapajani, ingawa macho yake siku hizi hayaoni nyaya. Nikamwambia yote. Mswaki, gunia, haya niliyomsingizia Kyungu, uani, hospitali. Nilisema haraka haraka, nikiangalia sakafu.

Papa hakushtuka. Aliweka redio chini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Papa?"

"Kyungu alinifuata siku ile ile mu mulango. Aliniuliza, 'Papa, ni kweli sauti yangu haifai?'" Akapangusa mdomo kwa kiganja. "Bantu ba tele balikuwa banakutaka weye. Balisema bakipata Kabange kila wiki, mchezo utaendelea. Nikaona uongo yako inanisaidia. Nikamwambia, ndiyo mwanangu, haifai."

Nilikuwa nimekuja kutua mzigo, na kumbe mzee huyu alikuwa amebeba wa kwake miaka yote, kwenye nyumba ileile, kwenye kiti kilekile. Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira mahali pote ndani yangu, sikuipata. Nilichokiona ni yeye akikimbia bila viatu barabarani, na siku mbili za makopo, na sasa nikaelewa mikono yake ilikuwa ikitetemekea nini. Sisi wawili tulipuliza maji yaleyale siku ile.

Papa alikuwa analia bila sauti. "Alienda na ile neno yangu," akasema. "Alienda akijua haifai."

Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile hospitalini yeye hakuwapo. Alikuwa mjini anaomba damu. Na mimi, kwa kuficha langu, sikuwahi kumsimulia mtu.

"Hapana, Papa. Aliisema. Aliisema ile ya Kabuloni, mbele ya bagonjwa bote. Balicheka mpaka mzee mumoja akashika kidonda."

Aliinua uso. "Balicheka?"

"Balicheka. Hata nesi."

"Sauti yake?"

"Yake. Ilipita yangu mbali."

Papa alinyoosha mkono akitafuta wangu hewani, akaupata, akaushika kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo.

"Anza tena," akasema. "Anza pale uliingia mu chumba."

Nikavuta kiti karibu, nikaanza tena.