Chupa ya Uvunguni

Dada yangu anauza mvinyo katika duka linalotazamana na cherehani yangu. Barabara tu ndiyo inayotutenga, kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa. Mtaani wanamwita Kizibo. Jina hilo alipewa na wateja kwa mambo mawili: huvuta vizibo vya chupa bila kukunja uso, na mdomo wake ukishazibuka haurudishiki. Mimi namwita Dada, kwanza kwa kuwa amenizidi umri, na pili kwa kuwa anapenda kukumbushwa.

Mtu akiingia dukani akitaka mvinyo wa yale mabonde ya Ufaransa yenye sifa, Dada humtazama kuanzia viatu, halafu humwuliza kama anataka kunywa au anataka kuonekana. Jina la bonde, kwake yeye, ni mchoro kwenye lebo, na mchoro haunyweki. Mzabibu uliopandwa kwenye kilima kisichojulikana hauna habari kwamba haujulikani, anasema, unazaa tu. Kwenye aina za zabibu ndiyo usiseme. Wajuzi wa mjini wanaikunjia pua Merlo, eti ni zabibu laini mno, ya watu wasiojua kunywa. Dada ameifanya Merlo mtoto wake. Ameipanga kwenye rafu ya usawa wa macho, na zile chupa za kifahari amezipandisha juu kabisa, mteja akizitaka lazima iletwe ngazi. Tena mvinyo mwekundu anautia kwenye friji. Bwana mmoja mwenye tai alijaribu kumfundisha kwamba mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Dada akamwuliza, chumba cha nani, maana hiki cha kwetu kina bati juu. Yule bwana aliondoka na chupa ya baridi amekasirika, na wiki iliyofuata akarudi kutafuta nyingine, bila tai.

Hayo watu huyacheka wakayasamehe. Wasilomsamehe ni lile la kuweka mvinyo miaka. Dada anasema mvinyo haukui, unazeeka, na anayenunua chupa ili aje kuinywa uzeeni amenunua siki kwa bei ya mvinyo. Analisema kwa ukali ambao biashara haiuhitaji. Mwenye duka amemwomba mara kadhaa awaache wateja wa chupa za zamani wanunue kwa amani. Dada humwitikia vizuri, kisha akiingia mwingine anaanza upya.

Wateja wanadhani huo ni msimamo wa mtaalamu. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni ninajua kwamba ni wivu, na ninajua ulianza lini.

Maana zamani Dada hakuwa hivyo. Alianza kazi kwa kuosha glasi hotelini, na kabla ya kuosha alikuwa akigusa mabaki ya wageni kwa ncha ya ulimi. Hivyo ndivyo alivyosoma. Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia mvinyo wa zamani ulionukia ngozi ya kiti na majani makavu, mpaka mimi mwenyewe nikawa namezea mate kitu nisichokijua. Alisema siku moja na yeye atakuwa na chupa yake inayomsubiri mahali. Kisha akahamia dukani, akavuka umri ambao shangazi zetu walikuwa wamempangia aolewe, nao wakachoka kumwuliza.

Ndipo akaja seremala kutengeneza rafu za duka. Alikuwa amefiwa na mke, ana binti mdogo wa shule, na ni mtu wa sauti ya chini. Rafu za kazi ya siku chache zikamchukua mwezi mzima, kila siku amekuta ubao uliopinda. Mwishowe Dada akamwambia kama anataka kuoa aseme, rafu ziachwe zipumzike. Akasema.

Walipanga nyumba mpya ili kila mmoja aanze sawa. Siku ya kuhamia, seremala aliingia amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye foronya kuukuu, akamwuliza Dada ni wapi katika nyumba ile penye ubaridi kuliko pengine. Dada alifurahi kuulizwa jambo la kazi yake. Akapita chumba kwa chumba akigusa sakafu kwa kiganja, akarudi na jibu: uvunguni mwa kitanda, upande wa ukuta wa nyuma, ambako jua halifiki. Ulikuwa ni upande aliokwisha kuuchagua wa kulala yeye mwenyewe. Chupa ilipokwisha kulazwa ndipo mumewe akamweleza. Aliinunua pamoja na marehemu mkewe binti yao alipozaliwa. Marehemu ndiye aliyeichagua kwa mkono wake, na alisema itafunguliwa siku binti atakapomleta nyumbani kijana wa kumwoa.

Kesho yake Dada alivuka barabara, akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akaanza kunichambulia vifungo.

"Hebu niambie, ni mke mwenza gani huyu," alisema. "Hafui, hapiki, hazeeki, halafu analala chini yangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo mvinyo wa zamani ukawa siki. Nyumbani hakuifungua ile foronya hata kuitazama lebo. Akifagia uvunguni alipitisha fagio kuizunguka, na akimaliza alikuwa na hasira ambazo mumewe hakujua zimetoka wapi. Kwa mambo mengine seremala alimsikiliza Dada kuliko anavyojisikiliza mwenyewe: shule ya mtoto, rangi ya ukuta, dawa ya kikohozi, hata mbao za kununua. Lakini kila Dada alipomwambia kwamba ile chupa ilikwisha kuoza siku nyingi, alitabasamu akasema, "Tutaona." Hiyo "tutaona" ilimkata maini. Katika kazi iliyompa jina mtaani, mume wake mwenyewe alimwamini mwanamke ambaye hayupo. Dada hakutaka kingine chochote kwa mtu yule ila siku moja, kwa habari ya ile chupa, aamini neno lake.

Binti hakuwa na kosa. Alimwita Dada "Mama mdogo", kwa heshima zote, na Dada alimlea kwa roho moja: alimsuka, alimkesha akiwa na homa, aligombana na walimu kwa ajili yake. Hata hivyo kwenye ukuta wa sebule kulikuwa na picha ya marehemu, na kila mwaka binti alizidi kuota pua ile ile. Dada aliwahi kuniambia kwamba anampenda mtoto mzima isipokuwa pua. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipomwona siku moja anapangusa kioo cha ile picha, anasugua pale pale puani.

Basi binti akakua, akapata kazi hospitalini, na mwaka huu akatangaza kwamba Jumapili atamleta kijana, fundi umeme, aje ale chakula cha mchana. Dada aliitikia vizuri, akaazima viti vyangu. Nilikuja navyo asubuhi nikabaki kumenya viazi. Mchana, tukiwa mezani, shemeji aliingia chumbani, tukamsikia anavyopiga magoti, akatoka na foronya mikononi. Aliiweka mezani mbele ya Dada. Nani mwingine angeifungua?

Katika kazi yao, anayefungua ndiye anayeonja kwanza, na wengine hungoja. Akisema mzuri, unamiminwa. Akisema umeharibika, chupa huondolewa na hakuna anayebisha. Kwa hiyo mezani pale Dada alishika kizibuo na hukumu pamoja.

Kizibo kilikuwa kimechoka, kikataka kumeguka. Alikitoa taratibu sana, akapangusa mdomo wa chupa, akajimiminia kidogo, akanusa, akaonja. Mimi nilikuwa namtazama uso, na uso ule ninaujua tangu enzi za hotelini. Alifumba macho. Mabega yakashuka. Kwa muda mfupi alikuwa tena yule msichana aliyekuja kunisimulia majani makavu. Kisha akafumbua macho, na mbele yake ilikuwa ile picha ya ukutani.

"Umekufa," alisema. "Ni siki. Poleni."

Kijana wa watu akaangalia sahani yake. Binti akauma mdomo wa chini, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kasoro. Nikangoja ile "tutaona" ya shemeji. Haikuja.

"Basi kaumwage, mke wangu," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Dada akainuka na chupa na glasi yake, akaenda jikoni. Nikamfuata, nikafunga mlango.

Nilimkuta amesimama mbele ya sinki ameishika chupa shingoni. Glasi aliyoonjea ilikuwa na tone limebaki, nikalinywa. Mimi si mtu wa mvinyo, mimi ni mtu wa nyuzi. Lakini kitu kile kilipita mdomoni polepole, kikakaa, na kilipoondoka nilitamani kirudi.

"Dada," nilisema, "hiyo siki iko wapi?"

"Nyamaza."

Machozi yalikuwa yanamtoka, ila ya hasira, anayafuta kwa kiwiko ili asiiachie chupa.

"Yule marehemu alinunua mara moja tu maishani mwake," alisema. "Hajui Merlo, hajui bonde, hajui kitu. Mara moja. Mimi nimeonja mpaka meno yamebadilika rangi, na sijawahi kupata kama huu."

Nilimwambia kama anaumwaga aumwage, mume amekwisha kumruhusu, na siri yake nitakufa nayo. Akaiinamisha chupa. Mvinyo ukaja mpaka kwenye mdomo, ukasimama pale, wekundu wake umekwisha kuwa kama wa matofali. Mkono ukakataa. Sitamsingizia kwamba wema ulimshinda. Ulimi ndio uliomshinda. Mtu aliyeanza maisha kwa kulamba mabaki ya glasi za wengine, utamwambiaje amimine kitu kile kwenye sinki?

Alinawa uso, akajipangusa kwa aproni, akarudi sebuleni. Akawaambia kwamba mvinyo wa zamani wakati mwingine huamka na kisirani, unahitaji hewa kidogo, na yeye alikuwa na haraka ya kuuhukumu. Hilo ni kweli kabisa, kwenye kazi yao linajulikana. Akamimina: binti kwanza, kisha mgeni, kisha mume, kisha mimi, na yeye mwisho, kilichobaki pamoja na mashapo.

Shemeji alikunywa, akaiweka glasi, akamtazama mkewe. Nadhani alielewa. Alimgusa mkono tu.

Binti naye alikunywa akiwa ameshika glasi kwa mikono miwili. Akageukia ukutani.

"Mama alijua kuchagua," alisema.

Sote tulimwangalia Dada, kwa sababu pale mezani ni yeye tu ambaye angeweza kulipinga neno lile likapingika.

"Alijua," alisema Dada. Lilimtoka kama anayeng'olewa jino. Akanywa mashapo yake mpaka mwisho.

Jumatatu nikiwa kwenye cherehani nilimsikia hadi upande wangu wa barabara anamwambia mzee mmoja kwamba mvinyo wa miaka ni siki na aachane na ushamba. Mwenye duka alikuwepo, akashika kichwa. Nikajisemea basi, hajabadilika, afadhali.

Jioni nilipofunga kazi nikaenda kufuata viti vyangu. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Dada alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, upande wake, na mkononi ana chupa ya Merlo ya dukani, mavuno ya juzi juzi, ile ile anayowaambia watu wainywe kabla mwaka haujaisha. Ameitia kwenye foronya mpya, hata alama za mkunjo wa dukani hazijafutika. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na msumeno wake, amerudi kutoka kazini wakati ule, anamwuliza ni nini tena hicho, na si yeye mwenyewe anayesema mvinyo hauwekwi.

Dada hakugeuka. Aliisukuma chupa mpaka ikagusa ukuta, pale pale pa ile nyingine.

"Hii ni yangu," alisema. "Usiiguse. Siku nikitangulia iache hapo hapo, na huyo utakayemleta umwambie alale upande huu."