Daraja la Kwenda kwa Orpha

Kwa miaka ishirini na sita Verlin Stamper aliendesha greda la Kaunti ya Larkin, huko milimani Kentucky, na muda wote huo hakuandika kwenye daftari lake kitu ambacho hakukiona kwa macho yake. Mtu akipiga simu kwamba kalavati limeziba, Verlin aliandika jina la aliyepiga, basi, kisha akawasha gari akaenda kutazama. Wenzake wa karakana walimcheka. Walisema mkewe alipojifungua, Verlin hakukubali kuitwa baba mpaka alipokwenda kuhesabu vidole vya mtoto.

Tabia hiyo aliitoa kwa Orpha Gayheart, dada mkubwa wa mama yake, aliyemlea yeye na mdogo wake Lottie katika nyumba ya mbao ng'ambo ya kijito. Mtoto akija mbio na habari, Orpha alikuwa na swali moja tu: "Umeona mwenyewe?" Kama jibu ni hapana, habari iliishia mlangoni.

Orpha alikufa Novemba akiwa na miaka tisini na mmoja. Walimzika kilimani juu ya nyumba yake, pamoja na ukoo wote, na Verlin akafunga mlango kwa kufuli. Machi ikanyesha mvua siku tatu mchana na usiku. Kijito kilipanda mpaka ngazi za baraza la Orpha, na kiliposhuka kilikuwa kimeondoka na daraja, nguzo na mbao zake zote.

Kaunti nzima ilikuwa hoi. Mkuu wa kaunti, ambaye huko watu humwita Jaji ingawa hakuna kesi anayohukumu, aligawa fomu za jimbo za kuombea fedha za ujenzi na kuwaambia watu wa barabara wasiache hata kalavati moja nje. Sharti lilikuwa wazi. Daraja lenye nyumba inayokaliwa ng'ambo yake lingejengwa upya. Daraja la kwendea nyumba tupu, au makaburini, halikuwa na fungu.

Jioni hiyo Lottie alikuja kwa kaka yake na sufuria ya maharage. Mumewe, Dorsey, alikuwa kaburini kule kilimani mwaka wa pili sasa. Jumapili ya mwisho ya Mei kila ukoo hupanda kwenye makaburi yake, hufagia, hurundika udongo upya, huweka maua, kisha hutandika vitambaa na kula hapohapo. Lottie alikuwa ametengeneza maua ya karatasi majira yote ya baridi, akiyachovya kwenye nta moja moja ili yastahimili mvua. Alisema kwa nyonga yake ile hawezi kuvuka kijito kwa miguu, na hakusudii kumwacha Dorsey bila maua.

"Andika kuna mtu," alisema. "Andika Orpha."

"Orpha tumemzika, Lottie."

"Kwani ukienda kule unasema unakwenda wapi? Si kwa Orpha?"

Hilo lilikuwa kweli. Katika mabonde yale marehemu hanyang'anywi nyumba yake. Watu husema wanapita kwa fulani, na huyo fulani ana miaka arobaini ardhini. Verlin aliitazama fomu mpaka maharage yakapoa, kisha akaandika: Mkazi, Orpha Gayheart, miaka 91.

Tusimsingizie Lottie. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Verlin, na alijua alichokuwa akifanya. Uongo unaosemwa kwa ajili ya kuwafaa watu ndio mgumu kuukataa, kwa sababu kila anayeusikia anakushukuru.

Mkaguzi wa jimbo alifika katikati ya Aprili, binti mmoja mchangamfu aitwaye Renata Wolski, mwenye buti mpya. Verlin alipaswa kuvuka pamoja naye, lakini saa nne asubuhi akaitwa kwenye maporomoko ya udongo barabara ya shule, na moyoni akafurahi kuitwa. Alimwacha kijitoni. Alijua binti atakuta kufuli, na tayari alikuwa na uongo wa pili mfukoni, kwamba bibi amekwenda kukaa na jamaa.

Aliporudi adhuhuri alimkuta Renata ameketi nyuma ya gari lake, akimwaga maji kwenye buti.

"Bibi yako ni mkali," alisema akicheka.

Verlin aliuliza bibi gani.

"Bi Gayheart. Nimemkuta barazani. Amenipa maziwa mtindi, halafu akanihoji kuliko nilivyomhoji mimi." Alivaa buti moja. "Na amekutumia ujumbe. Amesema nikuulize, umeona mwenyewe? Nikamwambia, aone nini? Akasema wewe unajua."

Jua lilikuwa juu, na ndege walikuwa wakilia kwenye mikuyu. Verlin alishika ubavu wa gari. Binti alimuuliza kama anaumwa, naye akasema hapana. Renata akasaini fomu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Verlin alivuka peke yake, maji yakimfika magotini. Ua wote ulikuwa tope laini lililoachwa na mafuriko, na juu ya tope lile kulikuwa na nyayo za buti mpya zilizokwenda mpaka kwenye ngazi na kurudi. Nyayo nyingine hazikuwapo. Kufuli lilikuwa mahali pake, limeshika kutu, na ufunguo wake wa pekee ulikuwa kwenye mkufu wa funguo zake mwenyewe. Juu ya ukingo wa baraza kilikaa kikombe cha bati cha buluu. Verlin alikuwa amekiosha mwenyewe siku ya maziko na kukirudisha kabatini, ndani. Ndani ya kikombe, chini, palibaki mtindi kidogo, mweupe, bado una unyevu.

Hakukigusa. Alitoa daftari, akaandika alichokiona: nyayo za mtu mmoja, kufuli limefungwa, kikombe kimoja.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Jaji, na suruali yake yenye tope, akaomba fomu ya daraja la Orpha.

Jaji alimwambia fomu haina tatizo. Mkaguzi amevuka, amemkuta mwenye nyumba, amesaini. Kati ya madaraja yote ya kaunti, hilo ndilo lililokuwa salama kabisa.

"Mwenye nyumba tulimzika mimi na wewe," alisema Verlin. "Wewe ulishika kamba ya jeneza upande wa kichwani."

Jaji alizungusha kalamu vidoleni mwake. "Sasa yule binti alimwona nani?"

"Sijui. Sikuwapo."

Verlin akaukata mstari ule wa mkazi, akaandika chini yake: Hakuna mkazi. Njia ya makaburini. Akatia sahihi. Daraja likatolewa kwenye orodha wiki hiyohiyo.

Lottie hakuongea naye wiki sita. Kanisani alikaa benchi la mbali, na aliyetaka kusikia aliambiwa kwamba Verlin Stamper amemuuza Dorsey kwa kipande cha karatasi.

Jumapili ya mwisho ya Mei, Verlin aliazima trekta na trela la majani, akawavusha watu kijitoni kwa safari nne. Lottie alingoja safari ya mwisho. Alikaa akimpa mgongo, sanduku la maua mapajani, na alipopandishwa kilima kwa kiti alishukuru kila aliyembeba isipokuwa kaka yake.

Juu, makaburi yote yalikuwa yamefunikwa na majani makavu ya mwaka jana. La Orpha halikuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa umerundikwa na kulainishwa, na mistari ya ufagio ilionekana juu yake, mibichi. Wale waliotangulia walisimama mbali kidogo. Walikuwa wamekwisha kuulizana, na hakuna aliyekubali kuwa ni yeye aliyefagia.

Lottie aliweka sanduku chini.

"Verlin. Ni wewe?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu Aprili.

"Hapana."

"Nani, basi?"

Watu wote walimgeukia. Verlin alivua kofia, akautazama udongo ule.

"Sijaona," alisema.

Lottie aliitazama mistari ya ufagio, halafu uso wa kaka yake, halafu mistari tena. Mwishowe akachukua ufagio kwa mtu aliyekuwa karibu, akamkabidhi Verlin, na kumwambia aanze na Dorsey, chakula kinapoa.