Kofia Iliyoinama

Sogeeni karibu, wanangu. Punguzeni redio, na anayesoma gazeti kwa sauti anyamaze kidogo.

Jirani yangu sokoni Kariokor alikata akala, viatu vya tairi, tangu ujana, na picha hakuwahi kukubali. "Wananielekezea mitambo usoni kama mwizi," alikuwa akisema. Mkewe hakuwa na hata moja ya kumkumbukia.

Mwaka jana akaja binti na kamera kubwa ya filamu, ile ya kutazamia kwa juu. Alikuwa amepiga soko zima, ikabaki picha moja tu kwenye filamu.

"Baba watoto, leo tu, kwa ajili yangu," mkewe akamsihi.

Mzee akanuna. Binti akaishika kamera tumboni, akainamisha kichwa kuichungulia.

"Kumbe huyu ana adabu, anasalimu kwanza!" mzee akasema. Akaweka kisu chini, mkono kifuani, naye akainama kuitikia, kofia ikamfunika uso. Kamera ikalia kacha!

"Pole mama, imeshika kofia tu," binti akasema kwa huzuni.

"Uso naujua, mwanangu. Umenishikia heshima yake."

Mzee alipotutoka, mwanawe alirithi kisu, mimi kigoda chake cha kazi, na mkewe kofia iliyoinama, pichani ukutani.